Hodi ya Tatu

"Usiniambie umesahau, Mama! Mtu husahau chumvi. Husahau mwavuli kwa watu. Hasahau kidonge alichokimeza kila asubuhi kwa miaka minne!"

"Nani kasema nimesahau? Nimesema nimeacha."

"Lini?"

"Siku niliyoacha."

"Mama!"

"Miezi miwili sasa," Sikudhani akasema. Alikuwa amempa mwanawe mgongo, anapanga vikombe kwenye sinia, vikombe vilevile alivyokwisha kuvipanga mara tatu, na kila alipokigusa kimoja vingine vyote vililia kwa mlio mdogo, kama meno ya mtu mwenye homa.

Tunu aliusikia mlio ule. Akaitazama mikono ya mama yake, na hasira yake ikapata pa kukaa.

"Ndiyo maana. Ndiyo maana huendi tena dukani. Ndiyo maana siku ile jirani kaleta vitumbua ukajificha chooni mpaka akaondoka. Ukaniambia tumbo."

"Na tumbo lilikuwepo."

"Siku zote hizi alizoumba Mungu, hukuona ya kufanyia majaribio ila hii ya kwangu?"

"Majaribio gani? Nilikuwa mzima. Mzima anameza dawa ya nini?"

"Daktari alikuambia uache?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Shangazi Semeni, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na tangu asubuhi alijiapiza kwamba leo hatatia mdomo. Alitia mdomo.

"Nyie, nyie. Mtagombana kesho. Nguo mmevaa, pilau imeiva, watu wapo nje wanakanyagana. Wewe Tunu, mama'ako si mwenzio. Na wewe wifi yangu, dawa si nguo ya Idi hata uivue kwa kuwa sikukuu imepita. Haya. Nimenyamaza."

Hakunyamaza, lakini hakuna aliyeendelea kumsikia, kwa sababu wakati huohuo sauti nene ya mwanamume mzoefu ilivuka ua, ikapita ukumbini, ikaja kusimama penye jiko kama mtu mwenye miguu.

"Hodiii!"

Ilikuwa hodi ya kwanza.

*

Inafaa kusema mapema mji ule ulikuwa wa namna gani, maana aliyezoea makufuli atapata tabu. Mji haukuwa na makufuli. Haukuwa na vitasa wala makomeo, wala milango yenyewe. Palipopaswa kuwa na mlango palining'inia pazia, tena jepesi, kuku akilipitia linapepea. Kilichowazuia watu wasiingiliane kilikuwa neno. Aliye nje husema hodi, aliye ndani husema karibu, na kabla ya neno la pili kutamkwa pazia lile lilikuwa zito kuliko ukuta wa mawe. Walikuwepo zamani watu waliojaribu kupita bila kukaribishwa. Walipita, naam, hakuna aliyewashika, ila walitoka wameyasahau majina yao, na mpaka leo unawaona wakizunguka sokoni wakiuliza habari za vitu wasivyovihitaji, ili tu mtu awatazame na kuwaambia "wewe."

Mji haukuwa na saa pia. Wakati ulikwenda kwa hodi. Ya kwanza ikishapigwa, wakati husimama kuingoja ya pili, na katika kungoja huko lolote laweza kutokea: masika yakaanza na kwisha, mtoto akaota meno, mpapai ukazaa na mapapai yakaliwa na ndege, na aliyeko nje bado hajafumba mdomo. Ndiyo sababu wenyeji hawakuulizana umri. Waliulizana: wewe umepigiwa hodi ngapi?

Siku ya kuposa hodi ni tatu, hazizidi. Mshenga wa upande wa mume husimama uani na watu wake, na anayemjibu ni mama wa binti. Haruhusiwi shangazi, haruhusiwi binti mwenyewe, na baba hata akiwa hai huambiwa anyamaze. Ni mama, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mtu wa mwisho aliyesimama nyuma kabisa na kapu kichwani. Akijibu, kilichobaki ni kula. Hodi ya tatu ikipita bila jibu, mshenga hugeuka, watu hugeuka, na posa ile haipelekwi tena. Hata binti na kijana waliopendana huanza taratibu kusahauliana sura. Hakuna anayekasirika. Nyumba imenyamaza, na kunyamaza kwake ni jibu.

Neno moja, basi. Silabi tatu. Mtoto wa miaka miwili hulisema akicheza na makopo.

Sikudhani alifungua mdomo. Kooni palikuwa na mtu.

*

Wageni wake walikuwa wanne. Walirudi wiki ya tatu tangu aache dawa, siku ambayo hakuwategemea, wakati anaanika nguo. Alisikia hodi nyuma yake, ya upole, ya mtu anayemjua, naye akajibu karibu kabla ya kugeuka. Watu wa mji ule walilelewa hivyo: neno lile huwatoka kwanza, macho hufuata. Akili hufika mwisho kabisa, inahema. Alipogeuka na kanga mbichi mkononi, walikwisha kuingia. Mbele alikuwa Jasho na ndoo yake. Akafuata Mtetemo, mwembamba, asiyejua kukaa. Wa tatu, Ukavu, hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kooni akatandika mkeka. Wa mwisho alibeba mizigo mingi kuliko wote, na ilionekana wazi hakuja kwa siku moja. Huyo alikuwa Bi Watasemaje.

Bi Watasemaje hakuwa na sura mbaya. Alikuwa na sauti ya jamaa wa kike anayekutengenezea mtandio kabla hujatoka. "Mwanangu," alisema akivua viatu, "nimesikia umemwachisha kazi yule wa mlangoni. Nikasema, maskini, sasa nani atamlinda na watu?" Tangu siku hiyo hakupumzika. Sikudhani akitoka, yumo: ukisahau ulichofuata dukani, watasemaje? Akirudi, yumo: umemwitikia yule mzee kwa sauti ya juu mno, umeona alivyokutazama? Akilala kitandani mchana, anakaa ukingoni na kumsimulia upya, neno kwa neno, mazungumzo ya mwaka juzi ambayo aliyezungumza naye amekwisha kuyasahau.

Yule wa mlangoni alikuwa Bawabu. Jina hilo Sikudhani alimpa mwenyewe. Miaka minne nyuma, alipokuwa amefikia hali ya kutotoka ndani hata kwenye msiba wa mumewe, daktari alimpa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi, akamwambia avumilie wiki chache. Alivumilia. Asubuhi moja, maji yakishuka, alisikia chini kabisa ya kifua mlio wa kiti kikivutwa, na mtu akikaa. Akajua amefika. Bawabu hakuwahi kusema neno. Alikaa tu penye pazia la kifua, na wale wanne wakija kupiga hodi aliwatazama mpaka wakaona haya. Siku nyingine walipenya, hasa Jasho, lakini walikaa ukingoni kama watu wenye safari, wakaondoka.

Ndani ya miaka minne ile Sikudhani alirudi kuwa mtu. Aliuliza maswali mkutanoni. Alikwenda kuhani misiba na kushika mikono ya wafiwa. Aliongoza kikundi cha akina mama wa mtaa, na siku moja alisimulia kisa cha jogoo wa imamu kwa namna iliyomfanya mmoja wao ajimwagie chai. Akirudi nyumbani jioni ile, akiwa bado anatabasamu peke yake njiani, lilimchoma swali. Nani aliyesimulia? Maana mimi ninajijua. Mimi ni yule wa kujificha nyuma ya pazia la darasa. Mimi ni yule aliyefunga ndoa akiwa ameinamisha kichwa, watu wakasifu haya zake, kumbe hofu. Huyu mwenye jogoo ametoka wapi? Ikiwa kidonge kimemleta, basi ni mpangaji. Amekaa katika mwili wangu, anakula kwa mkono wangu, anapendwa na rafiki zangu. Na mimi je? Nimehamia wapi? Kama nimekwisha kufa, mbona sikuzikwa? Kama nipo, mbona sijaulizwa? Alilibeba swali lile mwaka mzima, kama mtu anayetembea na mwiba kwa kuwa hana nafasi ya kukaa chini autoe. Tunu alipomjia na habari ya uchumba, Sikudhani akaona nafasi imepatikana. Siku ya posa nitasema karibu, akajiambia, na nitaisema mwenyewe. Mwanangu hataozwa na kidonge. Asubuhi iliyofuata akamimina vidonge ndoo ya taka. Vitatu vilinasa chini ya chupa; akaviacha, kwa uvivu.

Wiki mbili za kwanza alisikia kizunguzungu na kelele kama za nzi kichwani, akadhani ni mafua. Ya tatu, akaanika nguo.

*

Hodi ya kwanza bado ilining'inia hewani. Sikudhani alirudi nyuma hatua tatu, akalisukuma pazia la stoo, akaingia.

Stoo ilikuwa chumba cha magunia mawili na ndoo. Leo ilikuwa ndefu. Ilikwenda mbali mpaka ikawa na mwanga wake yenyewe, rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na pande zote mbili yalipangika mapazia, moja baada ya jingine. Nyuma ya kila pazia alijisikia mwenyewe akinyamaza. Nyuma ya hili alikuwa na miaka tisa na mwalimu alikuwa amemwita ubaoni. Nyuma ya lile alikuwa kwenye foleni ya hospitali, wamemruka zamu, naye hasemi. Nyuma ya jingine mumewe alimuuliza unanipenda, na ule ukimya ulikuwa umekaa pale mpaka ukaota ukungu. Alipita bila kupiga hodi popote. Mwisho wa stoo alimkuta mwanamume mfupi wa makamo amekaa sakafuni, anashona kifungo cha shati lake.

Hakuwahi kuuona uso wake, lakini alimjua kwa mgongo.

"Shikamoo," Sikudhani akasema, na alishangaa sauti ilivyotoka. Pale hapakuwa na watu wa kumsikia.

"Marahaba, mama. Nisamehe nimekaa chini. Kiti changu kipo kwako."

"Rudi basi, ukikalie."

"Nilifukuzwa."

"Sikukufukuza. Niliacha kukumeza tu."

"Kwetu ni mamoja. Tena kwa siku moja! Hata kuku wa kuchinjwa hupewa maji. Ungesema, ningetoka taratibu: wiki hii naweka mguu mmoja nje, mwezi ujao nasimama uani, baadaye nachungulia tu. Wale wanne wasingejua hata nimeondoka lini. Au labda tungeona bado nahitajika, nikakaa. Hayo ni mazungumzo ya wewe na daktari. Wewe ukazungumza na ndoo ya taka."

Sikudhani aliona kwamba anakaripiwa, na kwamba ni haki. "Vimebaki vitatu. Nikimeza vyote sasa hivi?"

"Watakuja mabawabu watatu kugombea kiti kimoja, na wewe utatapika mbele ya wakwe." Alivuta uzi. "Mimi si wa kupanda gari, mama. Nakuja kwa miguu. Nikiitwa leo, natokea baada ya wiki nne, tano, pengine sita. Hodi ya tatu siiwahi."

"Basi niambie kitu kimoja, uendelee kushona. Miaka minne ile, nani alikuwa akisema karibu?"

Bawabu aliukata uzi kwa meno. Alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kwa kazi halali.

"Mimi kazini sisemi. Kwa hao akina mama wenu sikuwahi kufungua mdomo. Ile siku ya jogoo nilikuwa nimekupa mgongo, natazama nje kama ninavyolipwa kutazama. Nikasikia maneno nyuma yangu, nikasikia na watu wanacheka, nikajiuliza, huyu mama alikuwa ameyaficha wapi yote haya? Nilitamani kugeuka. Kazi haikuniruhusu. Mimi nilikuwa mgongo na kiti. Anayesema alikuwa wewe."

"Na wale wanne? Nao ni mimi?"

"Wale ni wageni wako. Kama mgeni akikaa sana hugeuka mwenyeji, hilo kamuulize mwenye elimu. Mimi ni wa mlangoni."

*

Kwa hiyo ni mimi. Aliyesimulia ni mimi. Na huyu mwenye mikono inayolia kama vikombe, naye ni mimi. Hakuna aliyehama. Hakuna mpangaji. Nilikuwa nikitafuta nani wa kweli kati ya wawili, kama mama anayeulizwa achague mtoto. Nani aliniuliza? Hakuna. Nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu kwa ndoo ya taka. Lo. Mwaka mzima wa falsafa, na jibu lilikuwa sakafuni stoo linashona kifungo.

Lakini koo bado ni kavu. Kujua si kumeza mate. Nimejua, na Ukavu hajakunja mkeka. Nimejua, na Jasho amejaza ndoo ya pili. Bi Watasemaje ananiuliza: ulikuwa na haja ya kujua leo?

Leo.

*

"Hodiii wenyewe!"

Hodi ya pili ilimkuta anatoka stoo. Kuna kilichobadilika jikoni. Nazi zote zilikuwa zimekunwa, na machicha yalikuwa yamekauka yakawa kama chumvi. Tunu alikuwa ameketi kwenye kigoda, na wanja aliojipaka ulikuwa umemchuruzika mpaka kidevuni na kukaukia hapo. Kwa tundu la pazia Sikudhani aliwaona watu wa uani: walikuwa arobaini au zaidi, mshenga Mzee Shomari mbele, na ndevu zake, zilizokuwa fupi wakati wa hodi ya kwanza, sasa zilifika kifuani. Walisimama bila kunung'unika. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa katikati yao, mikono ameifumbata, na tayari sehemu ndogo ya uso wake, pale karibu na sikio, ilikuwa imeanza kufutika.

Tunu naye alikuwa ameliona lile. Alifumbua kiganja, vidonge vitatu vilikuwa vimelala ndani.

"Nimevikuta kabatini. Meza, Mama. Vyote."

"Havisaidii leo. Vinataka wiki."

"Basi nini kinasaidia leo?"

"Mimi," akasema Shangazi Semeni, na akainuka kwenye mbuzi kwa kishindo. "Mnanitazama nini? Sauti yangu na ya wifi ni moja. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituchanganya tukiwa nyuma ya pazia. Aliniambia mimi maneno ya mkewe siku moja, nikamwambia kaka, hayo nenda kamalizie chumbani. Wewe Sikudhani simama hapa, fungua mdomo tu wakichungulia waone meno. Mimi nitaitoa huku nyuma, karibuuu, itafika mpaka kwa yule wa kapu. Nani atajua?"

Bi Watasemaje alipiga makofi. Hakuna atakayejua, mwanangu! Hakuna atakayesema!

"Mama," Tunu akasema taratibu, "mwache Shangazi."

Hilo lilimwingia Sikudhani mahali ambapo Bi Watasemaje hakuwahi kufika. Shangazi Semeni alikwisha kuvuta pumzi. Kifua kilikwisha kupanda. Herufi ya kwanza ilikwisha kuingia mdomoni. Sikudhani alinyoosha mkono, akamziba wifi yake mdomo kwa kiganja kilicholowa jasho.

"Mh! Mm-mh!" akasema Semeni ndani ya kiganja.

"Nilimfukuza Bawabu kwa kumsingizia kwamba ananisemea. Leo nisemewe kweli? Hapana, wifi. Tulia."

"Bawabu gani tena?" Tunu akasimama. Hasira ilikuwa imemwisha, na bila hasira alionekana mdogo kuliko umri wake. "Mama. Unaumwa?"

"Naumwa."

"Ile ile?"

"Ile ile. Imerudi. Koo limekauka, moyo unanipiga kama mtu anatwanga, na nikifikiria wale watu nje miguu inaisha. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Na niliona haya kwa sababu nilijitakia mwenyewe."

"Kwa nini sasa?"

"Nilitaka nikuoze kwa sauti yangu. Nilidhani ile nyingine si yangu." Alifuta kiganja kwenye kanga. "Nilikosea. Zote zangu. Lakini hii ya leo ndiyo niliyonayo, na hii haitoki kwenye koo la mtu aliyejificha nyuma ya pazia akingoja ipone. Nikingoja humu ndani nimekuua."

Aliwaza kidogo, na kuwaza kwake kulikuwa kwa mtu wa jiko: nini kipo, nini hakipo, kipi kitapikika na hicho kilichopo. Wiki sita hazipo. Sauti safi haipo. Miguu ipo, ingawa inatetemeka. Desturi inasema aliye ndani amjibu aliye nje. Haikusema mama lazima awe upande gani wa pazia; na mama akiwa nje pamoja na mshenga, aliyebaki ndani ndiye wa kujibu, hata akiwa binti. Kwa miaka yote ile hakuna aliyelisema hilo, kwa kuwa hakuna mama aliyewahi kutamani kuwa pale ambapo macho yote yapo.

"Tunu, njoo. Simama hapa nilipokuwa nimesimama."

"Mimi? Si ruhusa. Anajibu mama."

"Mama hayumo. Mama yuko nje."

"Yuko nje wapi, wakati..."

Sikudhani alikwisha kuvaa kandambili. "Twendeni," aliwaambia wageni wake wanne, na Shangazi Semeni akageuka huku na huku kutazama anaambiwa nani. "Jasho, beba ndoo yako. Na wewe Bi Watasemaje, njoo ukasikie kwa masikio yako wanavyosema, uache kunikisia."

Akatoka kwa pazia la nyuma ya jiko, akazunguka nyumba.

Upande ule wa nyumba haukuwa na zaidi ya hatua ishirini, naye alizitembea kwa muda mrefu sana. Ukuta ulirefuka. Jua lilikuwa moja, kisha mawili. Mtetemo alimshika magoti, Ukavu alitandika mkeka wa pili juu ya ule wa kwanza, na Bi Watasemaje alimng'ang'ania mkono akilia sasa, kwa dhati, kama mtu anayempenda: rudi, rudi mwanangu, watakuona, watakuona ulivyo. Hakumtoa. Alikwenda naye.

Alipotokeza uani, watu arobaini waligeuka. Macho themanini yalimfika kwa pamoja, na kweli yalikuwa na uzito. Aliyahisi kwenye mashavu, shingoni, kwenye mikono asiyojua aiweke wapi. Uso ulimwiva. Alipita katikati yao akiangalia kandambili zake mpaka alipoona viatu vya mshenga, akasimama.

Mzee Shomari alikwisha kujaza kifua kwa hodi ya tatu. Alikizuia.

"Mama, kulikoni? Wewe si wa humu ndani?"

"Wa humu." Neno lilitoka kama kikohozi. Akangoja. Hakuna aliyekufa. "Mimi ndiye mama wa binti. Nina... nina ugonjwa. Wa kuogopa watu. Nilikuwa na dawa, inanisaidia, nikaiacha bila kumuuliza daktari. Sasa umerudi wote." Jasho lilimtiririka mpaka machoni, akalifuta kwa ushungi mbele za watu. "Mmesimama sana kwa ajili yangu. Hodi mbili nimezisikia, na sikunyamaza kwa kuwakataa. Kesho nakwenda kwa daktari, tuanze upya. Lakini hiyo ya tatu, mzee, naomba uniachie. Niipige mimi."

"Haijapata kutokea," mshenga akasema.

"Najua."

Mzee Shomari aliwatazama watu wake. Mwanamke wa nyuma kabisa, mwenye kapu kichwani, alisema kwa sauti ya uchovu, "Mwachieni jamani, shingo inaniuma." Mmoja akacheka, wawili wakacheka, na Bi Watasemaje akauachia mkono wa Sikudhani ili asikie vizuri. Mshenga akasogea pembeni hatua moja.

Pazia lilikuwa mbele yake. Hakuwahi kuliona kwa upande huu, maua yake yamefifia kwa jua. Sikudhani hakungoja moyo utulie, kwa sababu alikwisha kuuona: haukuwa na nia ya kutulia.

"Hodi," akasema.

Ilitoka nyembamba, imepasuka katikati, na watu wote waliisikia.

Ndani mguu ukasogea.

"Nani?" Tunu akauliza, na sauti yake nayo ilikuwa inatetemeka.

"Mimi, mwanangu. Na wakwe zako. Jua kali hapa, tukaribishe."

"Karibuni."